Mtoto mpole asiyelia: namna kinga ya mtoto mchanga inavyopokea maambukizi

Mkunga wa Zamu ya Usiku (mleta mada)

Habari za wakati huu wanajukwaa.

Bibi mmoja aliwahi kuniambia wodini, akiwa amempakata mjukuu wake wa siku nne, "Mwanangu, huyu Mungu ametujalia mtoto mpole. Tangu jana jioni hajatusumbua hata kidogo." Alisema kwa furaha ya kweli, na mama wa mtoto, ambaye alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu ajifungue, alitabasamu naye. Nilimwomba anipe nimshike kidogo. Miguu ilikuwa ya baridi mpaka magotini, ilhali tulikuwa Pwani, mwezi wa Desemba, na sisi watu wazima tulikuwa tunajipepea kwa kadi za kliniki. Nilipompigapiga nyayo kwa kidole hakuukunja mguu. Alifumbua jicho moja, akalifumba. Kipimajoto kilisoma 35.2. Mama alipomweka titini aliishika chuchu, akanyonya mara tatu, akaacha, maziwa yakamtiririka pembeni mwa mdomo. Hakuwa na homa wala kikohozi wala kuharisha, na hakulia hata mara moja. Damu yake ilipooteshwa maabara ilitoa bakteria. Mtoto yule alipona baada ya siku nyingi za sindano, lakini upole ule uliosifiwa ndio ulionifanya niandike uzi huu.

Tumezoea kusema kwamba mtoto mchanga hana kinga. Kauli hiyo naisikia kliniki, naisikia mtaani, naisikia hata kwa wenzangu wa kazi, nami naona si sahihi, na kosa hilo linatugharimu. Mtoto anayo kinga, ila imelelewa miezi tisa kwa kanuni ya kutoshambulia ovyo. Nusu ya vinasaba vyake ni vya baba, kwa hiyo yeye na mama yake ni watu wawili ambao miili yao ingeweza kukataana kama mwili unavyoikataa figo ya mtu asiyelingana nao. Seli chache za mama huvuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, na mtoto, badala ya kuzipiga vita, hutengeneza seli T za udhibiti ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Mwaka 1953 Billingham, Brent na Medawar walionyesha kwamba panya aliyedungwa seli za panya wa ukoo mwingine akiwa bado tumboni hukua akiikubali ngozi ya ukoo ule anapopandikizwa, jambo ambalo panya mkubwa hakubali kamwe. Yale yanayokutana na kinga mapema, kinga huelekea kuyahesabu kuwa ya nyumbani.

Utulivu huu una faida kubwa saa ya kuzaliwa. Mtoto anatoka mahali palipolindwa dhidi ya vijidudu, na ndani ya saa chache ngozi, mdomo na utumbo wake vinapata wageni wasiohesabika, ambao wengi wao ni wema na atawahitaji maisha yake yote. Kama kinga yake ingewapokea kwa ghadhabu ya mtu mzima, utumbo ungewaka uvimbe na chakula kisingefyonzwa, na nguvu zote za kukua zingeishia vitani. Tatizo ni kwamba mlango ule ule unaowapitisha wageni wema ndio unaompitisha adui, na adui akishaingia kwenye damu, walinzi huchelewa kupiga kelele.

Tuwatazame walinzi wenyewe. Chembe nyeupe zinazotangulia kufika penye jeraha huitwa nyutrofili. Mtu mzima ana akiba kubwa ya chembe hizi ndani ya uboho, na akiambukizwa uboho huzimwaga kwenye damu. Mtoto mchanga ana akiba ndogo, na zile alizonazo huenda polepole kuelekea kwenye maambukizi na hushindwa kushika vizuri kuta za mshipa ili zipenye. Protini za damu ziitwazo komplimenti, ambazo huvipaka vijidudu alama ili viliwe na hata kuvitoboa, kwa mtoto aliyetimiza miezi huwa pungufu sana kuliko kwa mtu mzima, na baadhi hazifiki hata nusu. Vipokezi vya kumtambua adui vipo na vinafanya kazi, lakini ishara zinazotolewa baada ya kumtambua zinaelemea upande wa kutuliza kuliko upande wa kuwasha moto.

Homa nayo inahitaji maelezo yake, kwa sababu watu wengi wanaisubiri. Mtu mzima akishikwa na maambukizi hutetemeka, na misuli inapotetemeka joto hupanda. Mtoto mchanga hatetemeki. Joto lake hulipata kwa kuchoma mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yaliyo kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, na uchomaji huo unahitaji sukari na oksijeni ya kutosha. Mtoto mgonjwa asiyenyonya hana sukari ya kuchezea. Ndiyo maana maambukizi makali kwa mtoto wa wiki moja yanaweza kumfanya awe wa moto, na yanaweza vilevile kumfanya awe wa baridi, na huyu wa pili mara nyingi ndiye aliye hatarini zaidi.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, mabibi na kina dada wanaolea wajukuu na watoto wa ndugu, waache kuisubiri homa peke yake. Mtazameni mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri kisha akaacha au akanyonya kwa uvivu. Anayelala mpaka umwamshe ili ale, au asiyejitikisa mpaka umguse. Ambaye mbavu zake zinabonyea ndani anapovuta pumzi. Anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika nzima iliyohesabiwa akiwa ametulia, na ukihesabu tena unapata vilevile. Aliyeshikwa na degedege, hata kama ni la mkono mmoja kuchezacheza au mdomo kutafuna kisichokuwepo. Ambaye joto la kwapani limezidi 37.5 au limeshuka chini ya 35.5. Dalili moja kati ya hizi inatosha kumfunga mtoto kifuani na kuondoka nyumbani usiku ule ule.

Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 24 kati ya hao hufariki ndani ya siku 28 za kwanza. Kenya, mwaka huo huo, ilikuwa 41 na 21. Zaidi ya nusu ya msiba wote wa miaka mitano unabanwa ndani ya wiki nne, na maambukizi ni mojawapo ya sababu tatu kubwa, pamoja na kuzaliwa njiti na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri zamu zitakavyoniruhusu.

Baba wa Watatu

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo haya, ingawa yamenirudisha mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa kwa miaka miwili. Mtoto wetu wa pili alipokuwa na siku tisa aliacha kunyonya. Tulimpeleka kituo kimoja cha afya, tukapimiwa joto, tukaambiwa ni 36.4 na kwamba mtoto hana homa, twende nyumbani mama ale vizuri maziwa yatatoka. Maziwa yalikuwa yanatoka. Yalikuwa yanalowesha khanga. Kesho yake jioni tulikimbilia hospitali kubwa. Daktari alipotuonyesha majibu ya damu alisema chembe nyeupe ziko chini sana, na sura yake ilibadilika. Mimi nilijua kuwa mtu akiwa na maambukizi chembe nyeupe hupanda. Mtoto alifariki usiku ule. Sikuuliza swali wakati huo, lakini limenikaa. Kwa nini zilikuwa chini?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Kaka yangu, pole sana. Namwombea mtoto wenu pumziko jema, na mama yake faraja.

Swali lako nitalijibu jinsi lilivyo, kwa kuwa umelibeba muda mrefu. Ulichokijua ni kweli kwa mtu mzima na kwa mtoto mkubwa. Kwa mtoto wa siku tisa ile akiba ya nyutrofili niliyoieleza hapo juu ni ndogo, na maambukizi yakiwa makali zile zilizokuwa kwenye damu hutumika zikaisha, uboho nao hauwezi kutengeneza nyingine kwa kasi inayotakiwa. Hapo hesabu huporomoka. Daktari akiona chembe nyeupe zimeshuka kwa mtoto mchanga anayeonekana mgonjwa, anajua kwamba vita imeendelea kwa saa nyingi na ghala limebaki tupu. Ndiyo sababu ya kubadilika kwa sura yake.

Kuhusu 36.4, naomba niseme wazi kwamba joto hilo halikupaswa kumaliza mazungumzo. Kiwango tunachokihesabu kuwa cha kawaida ni kati ya 36.5 na 37.5, lakini hata kama lingesoma 37 kamili, kuacha kunyonya kwa mtoto aliyekuwa ananyonya ni dalili ya hatari inayojitegemea, na mwongozo wa matibabu ya watoto wadogo tunaoutumia unaiweka miongoni mwa dalili za maambukizi makali bila kuhitaji homa iwepo. Ninyi mliiona dalili, mkaitaja, na mkampeleka. Hilo ndilo mzazi anaweza kufanya. Aliyepaswa kuiunganisha ni sisi wa upande huu wa meza.

Nyongeza moja kwa wasomaji wengine. Vipimo navyo huchelewa kwa watoto hawa. Kipimo cha protini ya uvimbe kinachoitwa siarpii huchukua saa kadhaa kabla ya kupanda, hivyo kikipimwa mapema sana kinaweza kusoma vizuri wakati mtoto tayari ni mgonjwa. Kuotesha damu kunahitaji walau mililita moja, na kumpata mtoto wa kilo mbili mshipa utakaotoa mililita moja ni kazi ya mikono yenye uzoefu. Damu ikiwa kidogo, kijidudu kinaweza kutoonekana hata kama kipo. Hii ndiyo sababu tunaanza sindano kwa kuangalia dalili kabla majibu hayajarudi, na ndiyo sababu wakati mwingine tunazikamilisha hata majibu yakirudi hayana kitu. Mzazi akiniuliza "Kwa nini mnamdunga mwanangu wakati maabara imesema hana ugonjwa?" ninamweleza hivi hivi, na wengi huelewa.

Mama Pacha

Dada mkunga, hongera kwa kazi. Mimi nilijifungua pacha wiki ya 31, mmoja kilo 1.4 na mwingine kilo 1.5. Sasa wana wiki tano na tumesharuhusiwa kurudi nyumbani. Wodini waliniambia njiti wanaambukizwa kwa urahisi zaidi lakini sikuelezwa kwa nini, kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache na watoto wengi. Pia walinifunga watoto kifuani tangu siku ya kwanza, mchana na usiku, na mama mkwe alidhani ni kwa sababu hakuna mashine za kutosha. Je, alikuwa amekosea?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Hongera sana mama. Wiki tano na wako nyumbani ni jambo la kumshukuru Mungu.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza baada ya kukutana na kijidudu au chanjo, na kila moja humtambua adui wake. Wewe umeishi miaka yako yote ukiugua mafua, ukichanjwa pepopunda kliniki, ukipata vidonda na kupona, na damu yako imehifadhi kumbukumbu hizo. Aina moja tu ya kingamwili, inayoitwa IgG, ndiyo inayovushwa na kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, na haivuki kwa kuvuja: kondo lina kipokezi maalumu kinachoishika kila moja na kuipeleka ng'ambo. Kazi hiyo huanza karibu na wiki ya 13, lakini kwa muda mrefu ni ya polepole. Mpaka wiki ya 28 hadi 32 mtoto amepata kama nusu ya kiwango cha mama yake. Wiki za mwisho ndizo za mavuno, na mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa akiwa na IgG inayolingana na ya mama au hata kuizidi. Pacha wako walitoka nje kabla ya mavuno. Juu ya hapo, ngozi ya njiti ni nyembamba, mirija na sindano zinafungua njia nyingine, na ghala la nyutrofili ni dogo zaidi.

Malaria inayojificha kwenye kondo hupunguza uvushaji huu, na virusi vya Ukimwi kwa mama navyo hupunguza, hata pale mtoto mwenyewe anapozaliwa bila virusi. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria mnavyopewa kliniki na neti mnayolalia vinalinda damu yako, na vilevile vinalinda mzigo unaokwenda kwa mtoto.

Sasa kuhusu kifua. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba hapo amekosea, ingawa historia iko upande wake: njia hii ya kumfunga mtoto kifuani, iitwayo ya kangaruu, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na njiti wengi na vifaa vya kuwatunzia vichache. Lakini mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na pungufu kidogo ya kilo 1.8. Nusu walifungwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, nusu nyingine walitunzwa kwanza kwenye vitanda maalumu mpaka watulie. Waliofungwa kifuani mara moja walifariki kwa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, na wenzao kwa asilimia 15.7. Waliodhaniwa kuwa na maambukizi kwenye damu nao walikuwa wachache zaidi upande wa kifuani.

Naamini sehemu ya maelezo iko kwenye vijidudu vyenyewe. Mtoto aliyelala kifuani hupata vijidudu vya ngozi ya mama, ambavyo damu ya mama imeshavijua. Mtoto aliyelala peke yake hupata vijidudu vya wodi, na vya wodi ni vikali na vimezoea dawa. Zaidi ya hapo, mama anapokaa chumba kimoja na mtoto, vijidudu vya chumba hicho hupita pia utumboni na kooni mwake. Seli zake za kinga huvitambua, husafiri mpaka kwenye titi, na huko hutoa kingamwili za aina ya IgA zinazoingia kwenye maziwa. Baada ya siku kadhaa mtoto ananyonya ulinzi dhidi ya vitu vilivyo ndani ya chumba kile kile. Kila nikilifikiria hili nashangaa upya.

Mzee wa Pangani

Wanangu hamjambo. Mimi nimezaa saba na nimewaogesha wajukuu wasio na idadi. Nasoma kwa makini, ila nina mambo mawili. La kwanza, sisi maziwa ya mwanzo yale mazito ya manjano, dang'a, tuliyakamua tukayamwaga, mtoto akapewa maji ya sukari kidogo mpaka maziwa meupe yashuke, na watoto walikua. La pili, siku hizi mnatuambia kitovu kisipakwe chochote. Zamani tulipaka jivu, wengine mafuta ya nazi, kikakauka na kudondoka. Je, tulikuwa tunawaua watoto wetu?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Shikamoo bibi. Nimefurahi umeuliza hadharani, kwa kuwa wengine huuliza kimoyomoyo kisha wakaendelea na ya zamani.

Mlifanya mlichofundishwa na waliowapenda, na watoto wengi walipona kwa sababu kingamwili za mama zilikuwa tayari ndani ya damu yao kabla hawajazaliwa. Dang'a mliyoimwaga ilikuwa sehemu ya pili ya urithi huo huo. Ni kidogo, vijiko vichache tu kwa siku ya kwanza, na tumbo la mtoto nalo ni dogo kiasi hicho. Imejaa IgA kwa kiwango ambacho maziwa meupe hayakifikii tena, pamoja na chembe hai za kinga kutoka kwa mama, na protini iitwayo laktoferini inayowanyima bakteria madini ya chuma. Ina pia sukari za aina ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya. Ni chakula cha bakteria wema wanaotakiwa kuwahi kushika nafasi utumboni. IgA hii haiingii kwenye damu ya mtoto. Hutandaza ulinzi juu ya kuta za utumbo na koo, ikivishika vijidudu kabla havijagusa mwili. Maji ya sukari huchukua nafasi hiyo tumboni na mara nyingi huja na vijidudu vya kikombe. Kule Ghana, utafiti uliotolewa mwaka 2006 kwa watoto wapatao 11,000 ulikadiria kwamba asilimia 22 ya vifo vya watoto wachanga vingeweza kuzuiwa kama wote wangeanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza.

Kitovu ni mlango wa moja kwa moja kwenda kwenye mishipa ya damu, ndiyo maana tunakuwa wakali. Jivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe huweza kubeba mbegu za pepopunda, ambazo huota pale pasipo na hewa, chini ya gamba la kitovu. Sumu yake ikishashika mishipa ya fahamu hakuna kingamwili inayoweza kuibandua. Ulinzi wa kweli ni kingamwili iliyofika mapema, na hiyo huja kwa chanjo ya mama mjamzito. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeondoa pepopunda ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, na sindano zile za begani mlizokuwa mkiwasindikiza mabinti zenu kuchoma zina sehemu kubwa katika hilo.

Kuna jambo la karibu na nyumbani kwako, ng'ambo tu ya maji. Watafiti walifanya jaribio kubwa Pemba kuona kama kupaka kitovu dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini kungepunguza vifo. Barani Asia dawa hiyo ilikuwa imeokoa maisha. Pemba, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, tofauti ya vifo ilikuwa ndogo mno kuweza kuitegemea. Ndiyo sababu ushauri uliopo ni kitovu kikae safi na kikavu, juu ya nepi na si ndani yake, na klorheksidini ibaki kwa maeneo ambako watu bado wanapaka vitu vyenye madhara. Bibi akinipa uchaguzi kati ya jivu na dawa, nampa dawa. Akikubali kisipakwe kitu, nafurahi zaidi. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, ikitoa usaha au harufu, msingoje asubuhi.

Mtu wa Maabara

Wakuu, naomba nichangie upande ninaofanyia kazi. Mleta mada ametaja vijidudu vya wodi kwa haraka, nami nadhani panastahili kukaziwa. Kule Kilifi, Kenya, katika takwimu zilizochapishwa mwaka 2005, watoto waliolazwa wakiwa na umri usiozidi siku 60 walikutwa na bakteria kwenye damu kwa asilimia 12.8, ilhali wale waliozidi umri huo walikuwa asilimia 5.9. Wadogo wana hatari kama maradufu. Dawa zinazoanzishwa kwanza bado ni ampisilini na gentamaisini, lakini bakteria wa aina ya Klebsiella tunazozikuta kwenye wodi za watoto wachanga katika nchi nyingi za Afrika zinaikataa ampisilini kwa asili yake, na nyingi sasa zinaikataa gentamaisini pia. Mtoto ambaye nyutrofili zake zimekwisha anaitegemea dawa peke yake. Kama dawa nayo haifanyi kazi, hana mwingine.

Ningependa pia mleta mada atoe maoni yake kuhusu BCG, chanjo ya kifua kikuu. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba inamkinga mtoto na kila kitu. Nina wasiwasi na kauli za namna hiyo.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Nakubaliana na mchangiaji neno kwa neno kuhusu dawa, na ndiyo maana nawaomba wazazi wasimnunulie mtoto wa wiki mbili dawa ya maji dukani kwa dalili za kukisia. Inachelewesha safari ya hospitali na inawazoesha vijidudu.

Kuhusu BCG, wasiwasi wako una msingi. Kazi yake iliyothibitishwa ni kumkinga mtoto na kifua kikuu kikali, hasa kile cha ubongo. Hata hivyo kuna jambo la kweli nyuma ya uvumi huo. Guinea-Bissau, watafiti wa mradi wa afya wa Bandim waliwachanja BCG watoto wenye uzito mdogo mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kuwasubirisha waongezeke uzito kama ilivyokuwa desturi. Majaribio matatu yakijumlishwa, vifo vya mwezi wa kwanza vilipungua kwa asilimia 38, na waliookoka hawakuwa wameepushwa na kifua kikuu, maana kifua kikuu hakiui kwa haraka hiyo. Entebbe, Uganda, waliochanjwa siku ya kuzaliwa waliugua maambukizi mengine pungufu kuliko waliochanjwa wiki ya sita. India, ambako ilitumika mbegu tofauti ya chanjo, faida hiyo haikuonekana.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba chembe za kinga za mstari wa mbele, ambazo tulidhani hazina kumbukumbu, huachiwa na BCG alama fulani juu ya vinasaba vyake inayozifanya ziamke haraka zaidi adui mwingine anapokuja. Hapa ndipo ninapoona ushahidi kwamba kinga ya mtoto ni kinga inayofundishika, na kwamba somo la siku ya kwanza lina uzito. Msimamo wangu wa kazi ni mwepesi: mtoto achanjwe BCG kabla ya kutoka hospitali, tusisubiri watoto wajae ili kichupa kimoja chenye dozi nyingi kisipotee. Lakini mama asije akadhani kovu la begani linamruhusu kupuuza mtoto asiyenyonya.

Mama Pacha

Dada mkunga, samahani kwa kurudi usiku huu. Kulwa ananyonya vizuri. Doto tangu saa kumi jioni ananyonya kidogo na kusinzia. Joto ni 36.6. Nimehesabu pumzi kwa simu ya baba yake, nimepata 68, nimesubiri kidogo, nimehesabu tena, nimepata 71. Mama mkwe anasema amechoka tu.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Mama, nendeni sasa. Usisubiri joto libadilike. Mfunge Doto kifuani ngozi kwa ngozi, mvalishe kofia na soksi, mfunike mgongo kwa khanga nzito, na umkamulie maziwa umpe kidogo kidogo kwa kikombe ikiwa bado anameza. Akishindwa kumeza usimlazimishe. Chukua kadi zote mbili na karatasi ya kuruhusiwa. Mkifika msianze kwa kusema hana homa. Semeni: njiti wa wiki ya 31, sasa ana wiki tano, ameacha kunyonya vizuri tangu saa kumi, anapumua mara 71. Mchukueni na Kulwa, kwa kuwa anakutegemea titi na itabidi naye aangaliwe.

Mama Pacha

Tumefika. Wamemwekea oksijeni ya puani na wamemtoa damu. Wametuambia sindano ni siku saba kwanza, kisha wataangalia. Mama mkwe amekaa na Kulwa kifuani kwenye benchi la nje, amejifunga khanga kama nilivyofundishwa wodini.

Baba wa Watatu

Tunamwombea Doto. Tupeni habari asubuhi.

Mama Pacha

Ni saa moja asubuhi. Ameshushiwa oksijeni kidogo, pumzi ni 58. Bado hajanyonya titi, anapewa maziwa yangu kwa mrija. Muuguzi alipombadilisha nepi amelia kwa sauti, na mama mkwe ameinuka kwenye benchi akauliza ni nani anayelia hivyo.